Kikombe Juu ya Kabati

Mdogo wangu ni fundi bomba. Mtaani kwetu watu wanamwita Fundi, basi, kana kwamba mafundi wengine wote ni wanafunzi wake. Mimi ni dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, kwa hiyo nina ruhusa ya kumcheka. Lakini kwa kazi yake simcheki. Anaijua.

Tunaishi nyumba moja: yeye, mke wake, yaani wifi yangu, na binti yao wa mwaka mmoja na nusu. Mimi nina chumba cha mbele, na cherehani yangu iko barazani. Kila asubuhi namwona Fundi akifungua sanduku lake la vifaa sakafuni na kuhesabu. Spana kubwa, spana ndogo, koleo, msumeno wa chuma, tepe nyeupe, vipande vya bomba. Binti yake huchutama kando ya sanduku na kuhesabu naye kwa lugha anayoijua mwenyewe. Mtoto huyo alizaliwa mdogo sana, baba yake akamwita Tone, na jina likamkaa. Siku hizi Tone ana mashavu, na sauti yake inaishinda cherehani yangu.

Tone akitaka maji haombi. Anagonga. Ana kikombe chake cha bati cha rangi ya bluu. Anakigonga mlangoni, anakigonga kwenye meza, anakigonga kwenye goti la mtu yeyote aliye karibu, mpaka ajaziwe. Goti langu linalijua hilo vizuri.

Fundi ana sheria moja ya kazi. "Bomba likivuja, kwanza funga koki. Mengine baadaye." Siku moja shule nzima ilifurika, walimu wamepanda juu ya viti wanapiga kelele. Fundi aliingia, hakusema na mtu, akaenda moja kwa moja nyuma ya jengo na kufunga koki kuu. Kelele zikaisha. Walimu wanaisimulia habari hiyo mpaka leo.

Sheria ile ni nzuri. Shida ilianza siku alipoitumia kwa mtoto.

Ilikuwa Jumatano. Tone aliamka akiharisha. Choo kilikuwa chepesi kama maji. Kufika saa sita mchana wifi yangu alikuwa amefua nepi saba, na kamba yote ya nguo ilikuwa imejaa nepi hizo. Mtoto alikuwa anakunywa maji, ananyonya, halafu baada ya muda mfupi anaharisha tena. Siku nzima ilikwenda hivyo.

Alhamisi asubuhi Fundi alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Alikuwa anamtazama mwanawe kama anavyotazama ukuta wenye unyevu.

"Mama Tone," alisema, "hebu tufikiri. Akinywa kikombe kimoja, kinatoka kikombe kimoja. Sivyo?"

"Kinatoka hata zaidi," alijibu wifi.

"Basi sisi wenyewe ndio tunaomharisha. Tunafungulia maji kwenye bomba linalovuja. Funga koki kwanza. Asinywe kitu mpaka tumbo lipumzike."

"Na kunyonya?"

"Na kunyonya pia kupumzike."

"Lakini Baba Tone, mtoto ana kiu. Anagonga kikombe tangu alfajiri."

"Kiu itapita. Dada, mimi nakosea?"

Swali hilo aliniuliza mimi. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tumuulize anayejua. Lakini maneno ya mdogo wangu yalisikika ya akili, na mimi napenda kuonekana nina akili. Nikasema, "Hukosei." Nayasema haya bila kujificha, kwa sababu najua wapo wengi waliowahi kusema kama mimi.

Fundi alichukua kikombe cha bluu na kukiweka juu ya kabati la nguo. Kisha akaenda kazini.

Tone alikiona kikombe kikipanda. Alinyoosha kidole juu. Alilia. Akaja kunigonga goti kwa kiganja kitupu. Nikamwambia, "Baadaye, mwanangu," nikaendelea kushona. Mpaka leo nikiikumbuka ile mikono mitupu, moyo unaniuma.

Kufika adhuhuri kuharisha kulipungua. Fundi alipiga simu kuuliza hali. "Mnaona?" alisema, na furaha yake ilisikika mpaka barazani. "Koki hiyo!"

Lakini wifi yangu hakufurahi. Wifi ni mtu wa maneno machache na macho mengi. Alikuja barazani amempakata Tone, akaketi karibu yangu.

"Wifi, mtazame huyu mtoto."

"Amelala."

"Hajalala. Amelegea." Alimgeuza uso. "Analia lakini machozi hayatoki. Midomo imekauka. Na shika hii nepi."

Niliishika. Ilikuwa kavu kabisa.

"Nimemvalisha asubuhi," alisema wifi. "Hajakojoa tangu asubuhi."

Niliacha kukanyaga pedeli. Macho ya Tone yalikuwa yameingia ndani, na yale mashavu yetu tuliyoyapenda yalikuwa yamesinyaa.

"Tumpigie Fundi?" niliuliza.

"Fundi anajua mabomba," alisema wifi. "Mimi namwita Mama Kijiko."

Kumbe alikuwa ameshasimama.

Mama Kijiko ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, na hajawahi kuonekana akikimbia, lakini anafika kabla ya wanaokimbia. Katika mkoba wake hakosi kijiko cha chai kilichofungwa kwenye kitambaa safi. Ndiyo maana ya jina lake. Watu humtania kwamba siku akiitwa harusini atauliza mgonjwa yuko wapi.

Siku ile alifika, akanawa mikono kwa sabuni, akaketi kwenye mkeka. Hakugomba. Alianza kuuliza.

"Ameanza lini?"

"Jana asubuhi," alisema wifi.

"Kuna damu kwenye choo?"

"Hapana."

"Anatapika?"

"Mara moja tu, jana."

Mama Kijiko alifinya taratibu ngozi ya tumbo la mtoto, kisha akaiachia. Ngozi ilirudi polepole, kama imechoka. "Leo amekunywa nini?" aliuliza.

Wifi alitazama chini. Mimi nilitazama cherehani.

"Hajanywa kitu," nilisema. "Tulifunga... tulimnyima. Ili tumbo lipumzike."

Nilingoja anikaripie. Alifungua mkoba tu, akatoa paketi ya chumvi ya kuongeza maji mwilini. "Mna maji yaliyochemshwa yakapoa? Na chupa ya lita moja?"

Tulikuwa navyo. Alimimina paketi yote kwenye lita moja, akatikisa mpaka unga ukayeyuka. Alionja tone moja mkononi mwake. Kisha akatazama huku na huku. "Kikombe chake kiko wapi?"

Wifi alipanda juu ya kiti, akakishusha kikombe cha bluu, akakiosha.

Tone alipokiona, alifumbua macho. Mama Kijiko alichota kijiko kimoja, akakipeleka mdomoni. Mtoto alikinywa kwa pupa, akanyoosha shingo kutaka kingine.

"Vizuri sana, mwanangu," alisema Mama Kijiko. "Mama Tone, anakunywa, na hilo ni jambo jema. Lakini ameshapungukiwa maji. Tunampeleka kituo cha afya sasa hivi, na tunaendelea kumpa njiani. Tukichelewa mpaka ashindwe kunywa, itabidi atiwe maji kwenye mshipa. Na wapo watoto ambao walichelewa zaidi ya hapo."

Aliufunga mkoba wake, akasimama.

Tukiwa mlangoni, Fundi akatokea kazini, sanduku mkononi. Aliona kikombe mkononi mwa mke wake.

"Mnafanya nini? Tumbo limeshatulia! Mkimpa maji ataanza tena!"

"Ataharisha, ndiyo," alisema Mama Kijiko. "Fundi, nikuulize swali la kazi. Kuna nyumba ina watu. Tangi lao linavuja, na huwezi kulitengeneza leo wala kesho. Maji yanapungua. Watu wale utawafanyaje?"

"Nitajaza tangi," alijibu Fundi bila kufikiri. "Nitajaza mara kwa mara mpaka litengenezwe. Watu watakaaje bila maji?"

"Kuharisha huku hakuzibwi kwa siku moja. Mara nyingi kunaisha kwenyewe baada ya siku chache. Sasa watu wako wanakaaje bila maji?"

Fundi alihamishia sanduku mkono wa pili.

"Lakini kulipungua," alisema kwa sauti ndogo. "Nilipofunga, kulipungua."

"Kulipungua kwa sababu tangi lilikuwa linakwisha."

Namjua mdogo wangu. Ni mkaidi tangu utoto. Nilijiandaa kusikia ubishi. Lakini alimtazama Tone, akaona yale macho yaliyoingia ndani, akaweka sanduku lake chini. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha akamchukua mtoto.

"Nipe na hicho kikombe," alimwambia mke wake. "Nimekosa mimi. Nitajaza mimi."

Wapo wanaume wengi wenye nguvu. Wanaoweza kusema maneno hayo mlangoni kwao, mbele ya mke, dada na jirani, si wengi. Siku ile nilijivunia kwamba nilimbeba mgongoni.

Kituo cha afya kina korido ndefu yenye benchi la mbao. Muuguzi alimpima Tone uzito, akamkagua, akahesabu kiasi cha maji anachopaswa kunywa kwa saa nne.

"Kijiko kimoja kila dakika moja au mbili," alisema. "Msimpe kikombe kizima kwa mara moja, atatapika."

"Kijiko?" Fundi alishangaa. "Kijiko kitajaza lini?"

"Haba na haba hujaza kibaba, Fundi," alisema Mama Kijiko.

Basi Fundi akaanza. Ile mikono inayokaza spana kubwa ilishika kijiko cha chai kama yai. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake. Mshale ukizunguka, kijiko kinapanda. Wifi alitaka kumpokea, akakataa. Katikati alimpa tu mama nafasi ya kunyonyesha, kisha akaendelea.

Kijiko cha arobaini na kitu, Tone alitapika. Yote yakamwagika kwenye shati la baba yake.

"Basi!" alisema Fundi, uso umebadilika. "Anakataa. Niache?"

"Usiache," alisema muuguzi. "Subiri dakika kumi. Halafu endelea, polepole zaidi. Sehemu kubwa inabaki ndani hata kama anatapika kidogo."

Fundi alisubiri dakika kumi bila kuondoa macho kwenye saa. Hakupiga mguu chini, hakulalamika. Ilikuwa subira ya mtu anayeweza kulala chali chini ya sinki nusu siku akitafuta tundu la sindano. Dakika zilipotimia, alichota kijiko kingine. Tone alikipokea. Kikakaa.

Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Mara mbili mtoto aliharisha, na kila mara nilimwona mdogo wangu akikunja uso, mkono ukitamani koki. Lakini aliendelea. Midomo ya Tone ilianza kung'aa. Sisi wanawake watatu tulikuwa tunatazama kijiko kile kana kwamba ni mpira wa fainali.

Saa ya tatu, Fundi aliruka kutoka kwenye benchi.

"Inavuja!" alipiga kelele. "Mama Tone! Dada! Inavuja!"

Suruali yake ilikuwa imelowa kuanzia gotini mpaka kwenye kiatu. Nepi ilikuwa imelegea, na Tone amekojoa. Amekojoa sana, mkojo mzuri, wa kutosha. Korido nzima iligeuka kutazama. Fundi bomba hodari kuliko wote alikuwa amesimama amelowa, anacheka, machozi yanamtiririka, anamshukuru Mungu kwa kuvuja. Tone alishtuka kwa kelele za baba yake, akaanza kulia. Machozi yakatoka. Machozi ya kweli, makubwa. Wifi yangu aliyaona, naye akalia.

Saa nne zilipotimia muuguzi alimkagua tena. Ngozi ilirudi upesi. Aliturudisha nyumbani na paketi nyingine, na vidonge vya zinki.

"Kidonge kimoja kila siku, siku kumi na nne," alisema. "Tumbo likipona siku ya tatu, msiache. Kinamsaidia apone haraka, na kinamkinga baadaye. Dawa nyingine za kuzuia kuharisha msimnunulie. Hazifai kwa mtoto."

"Na chakula?" aliuliza wifi.

"Anyonye kila anapotaka. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Uji, ndizi ya kuponda, chochote laini anachokula kila siku. Kila akiharisha, mpe tena maji ya chumvi haya. Yakipita saa ishirini na nne tangu yachanganywe, mwaga, changanya mengine. Msiongeze chumvi wala sukari, na maji yawe lita kamili."

"Lita kamili," alisema Fundi. "Hilo niachie mimi."

"Na mrudi mbio mkiona damu kwenye choo, au akishindwa kunywa, au akitapika kila kitu, au akilegea asiamke vizuri, au akipata homa. Usiku au mchana, msingoje."

Ijumaa asubuhi Mama Kijiko alipita kutuona. Tone alikuwa sakafuni, bado mnyonge kidogo, lakini ameshafika kwenye sanduku la baba yake. Alikuwa ametoa kiungo kimoja cha bomba na anakipuliza kama tarumbeta. Sote tulicheka. Mama Kijiko alicheka pia, kisha akaacha.

"Fundi, kipande hicho kimetoka wapi?"

Fundi alikitazama. Kicheko kikamwisha. "Nilikifungua Jumatatu," alisema. "Kwenye bomba la maji machafu."

Kumbe kila siku tulikuwa tunaona raha mtoto akihesabu vifaa na baba yake, naye anavitia mdomoni. Na Fundi mwenyewe alikuwa akirudi kutoka kwenye vyoo na mitaro ya watu, jambo la kwanza ni kumrusha binti yake juu na kumlisha kwa mkono. Hatukuwahi kufikiri.

"Labda ni hiki, labda ni kingine," alisema Mama Kijiko. "Hatuwezi kujua. Lakini uchafu wa chooni ukiingia mdomoni ndio unaoleta kuharisha. Sabuni na maji vinaziba njia hiyo. Baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, baada ya kazi yako, kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Fundi, koki yako ifunge hapo. Hapo inafaa."

Mama Kijiko hajafika hata nyumbani kwake, Fundi alishatoka na msumeno. Kufika saa tisa mchana kulikuwa na bomba jipya nje, kando ya mlango, lenye sinki dogo na kipande cha sabuni kwenye kamba ili kisipotee. Aliliweka chini kiasi, ili Tone akikua kidogo alifikie. Alipomaliza alinyanyua sanduku lake la vifaa kutoka sakafuni, akatafuta pa kuliweka. Akaliweka juu ya kabati, palepale kilipokaa kikombe.

Kikombe cha bluu sasa kinakaa kwenye kigoda, karibu na mlango, mtoto anakifikia mwenyewe.

Miezi miwili baadaye mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja kushona gauni. Akanilalamikia kuhusu mdogo wangu.

"Nilimwita anitengenezee bomba la jikoni," alisema. "Maji yamejaa mpaka kwenye viatu. Akaingia, akamwona mjukuu wangu amelala kwenye kiti, tumbo linamwendesha. Akauliza, 'Amekunywa nini leo?' Nikamwambia hatumpi kitu, apumzike tumbo. Basi! Akaacha spana palepale. Akauliza sabuni iko wapi. Akamtuma binti yangu paketi kituo cha afya, akapima maji mara mbili, akaketi na kijiko."

"Na bomba?"

"Likavuja kwenye ndoo! Nikamwambia, 'Fundi, si ufunge koki kwanza?' Akaniambia, 'Hiyo inaweza kungoja, mama.' Nikamuuliza kama alisomea udaktari. Akasema hapana, alisomeshwa na binti yake."

"Na mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Anakimbia." Alisita. "Nitamlipa mara mbili yule kichaa."

Nilitaka kumjibu, lakini sikupata nafasi. Goti langu lilikuwa linagongwa na kikombe cha bati.